Corvette ya 1976: kutu inayojificha nyuma ya faibaglasi

"Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, naendesha malori. Mwezi uliopita nimenunua Chevrolet Corvette Stingray ya 1976 kwa mjane wa jirani yangu, dola 8,000. Imelala gerejini tangu 1998. Ni nyekundu, rangi imepasukapasuka, injini ni ile ya inchi za ujazo 350 na giaboksi ni otomatiki. Tumeiwasha kwa petroli ya chupa. Inaunguruma vizuri lakini ukiiachia mafuta inatetemeka mpaka vioo vinalia. Pedali ya breki inazama. Taa moja ya mbele inafunguka, ya pili inabaki imelala. Mlango wa dereva umeshuka kidogo, mpaka niunyanyue ndipo ufunge, na mvua ikinyesha zulia la upande wa dereva linalowa. Kwa vile bodi ni faibaglasi najua sina shida ya kutu, kwa hiyo nataka nianze na rangi, kisha nishushe injini niiongeze nguvu, maana nimesoma ina nguvu farasi 180 tu na nadhani imechoka. Nimeweka akiba ya dola 9,000. Fundi mmoja wa hapa ananiambia lazima ninyanyue bodi nzima. Wewe ungeanzia wapi? Ndoto yangu ni siku moja kuishusha bandarini Mombasa."

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa gari. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishtua si breki. Gari likilala miaka yote hiyo halafu breki zikawa nzima, hapo ndipo ningeshangaa. Kilichonishtua ni mlango ulioshuka na zulia linalolowa, mambo uliyoyataja kama unapita njia, halafu papo hapo ukasema huna shida ya kutu. Tuanzie hapo, kwa sababu rangi, injini na zile dola 9,000 zote zinangoja jibu la hapo.

Ni kweli ngozi ya Corvette haishiki kutu. Tangu zile gari 300 za kwanza zilizoundwa Flint, Michigan, mwaka 1953, bodi ni faibaglasi. Lakini ngozi haibebi kitu. Chini yake kuna chesisi ya chuma, mihimili miwili iliyounganishwa kama ngazi, kama ya pikapu. Juu ya chesisi, kuzunguka pale unapokaa, kuna mifupa mingine ya chuma: fremu ya kioo cha mbele, nguzo zinazoshika bawaba za milango, nguzo zinazoshika vitasa, na vyuma vinavyoziunganisha huku chini. Mafundi wa Marekani wanayaita mifupa hayo tundu la ndege, na ukiliona siku moja limevuliwa faibaglasi hutauliza kwa nini. Faibaglasi imegandishwa juu yake kwa gundi na ribiti. Kwa hiyo kutu ambayo kwenye Toyota ingetoboa bati ukaiona asubuhi unaosha gari, hapa inakula kimya kimya na nje gari linaendelea kung'aa. Yako ina nyongeza: mwaka 1976 General Motors waliweka bati la chuma kwenye sehemu ya sakafu, mahali ambapo miaka ya nyuma palikuwa faibaglasi. Zulia lako bichi limelala juu ya bati hilo.

Sasa fuata maji. Mpira na gundi inayozunguka kioo cha mbele ikikauka, maji hupenya kwenye kona za fremu, yakateremka ndani ya nguzo ya bawaba na kutulia chini kabisa, pasipo jua wala upepo. Nguzo inaoza kuanzia chini. Bawaba za mlango zimefungwa kwenye nguzo hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu akiniambia "mlango umeshuka" na "zulia linalowa" kwa pumzi moja, siwezi kuyachukua kama malalamiko mawili.

Nisikutishe bure, maana kila dalili ina maelezo mepesi pia. Maji yanaweza kuwa yanaingilia kwenye mipira ya vile vipande viwili vya paa vinavyobanduka. Mipira hiyo ni ya kununua na kubandika. Na mlango unaweza kuwa umeshuka kwa sababu bushi za pini za bawaba zimelika, kazi ya saa chache. Kutofautisha ni rahisi. Fungua mlango nusu, ushike kwa chini upande wa kitasa, unyanyue na uuachie huku mwenzako akimulika bawaba kwa tochi. Kinachocheza kikiwa ni pini ndani ya bawaba, cheka. Kikiwa ni bawaba nzima pamoja na chuma kilichoishika, usicheke bado.

Kisha fanya haya kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Ng'oa yale makava ya plastiki yaliyo pembeni mwa miguu, kulia na kushoto, chini ya dashibodi. Nyuma yake utaona sehemu ya chini ya nguzo. Mulika, ingiza bisibisi ya kichwa bapa, ukwaruze. Kutu ya unga mwekundu juu ya chuma kigumu si neno. Ukikwangua magamba yenye tabaka kama mkate wa kusukuma, au bisibisi ikazama, umeshapata jibu. Baada ya hapo bandua kwa taratibu ule urembo wa chuma cheupe unaozunguka kioo cha mbele na utazame kona za juu na za chini. Mwisho ingia uvunguni (juu ya stendi, tafadhali, jeki peke yake imeshaua mafundi) ugonge chesisi kwa nyundo ndogo, hasa pale inapopinda kwenda juu mbele ya magurudumu ya nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi. Ohio wanamwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi, na maji ya chumvi huingia ndani ya mihimili hiyo, ambayo ni mitupu kama bomba, yakaila kutoka ndani. Unachokiona nje ni mwisho wa habari, mwanzo ulishapita.

Nina sababu ya kusisitiza. Niliwahi kuletewa Corvette ya 1979 iliyotoka kupigwa rangi, nyeusi ya kujitazama sura. Mwenyewe alitaka nibadilishe kioo cha mbele tu, kilikuwa na ufa. Nilipokitoa, kona ya fremu ilitoka nacho, chuma kimegeuka chengachenga kama sukari guru, zikamwagika juu ya dashibodi. Kuchomelea kona ile kulidai tukate faibaglasi iliyoizunguka, na kukata faibaglasi maana yake ni kuiharibu rangi ya mwezi mmoja. Yule bwana alikaa kwenye tairi kuukuu pale gerejini, hakusema kitu kwa muda mrefu. Rangi ndiyo ya mwisho, ndugu yangu. Daima.

Tuje kwenye breki. Corvette ya miaka hiyo ina diski magurudumu yote manne, na kila kalipa ina pistoni nne, kwa hiyo una pistoni 16 ndani ya silinda za chuma cha kusubu. Mafuta ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu hewani. Gari likilala, unyevu ule unachimba vishimo kwenye kuta za silinda, na mpira wa pistoni haushiki tena. Wengi hununua mipira mipya, wakatoa hewa, pedali ikapanda, wakafurahi. Baada ya wiki mbili inazama upya, na chini hakuna hata tone. Hapo wengine huanza kuwataja majirani.

Si uchawi. Mipira ya kalipa hizi ina mdomo unaozuia mafuta yasitoke, lakini haizuii vizuri hewa isiingie. Diski ikiwa inayumba kidogo tu inapozunguka, inazisukuma pistoni ndani na nje kama pampu, na kila mzunguko unanyonya kihewa. Kwa hiyo dawa ni mbili kwa pamoja: kalipa zilizovishwa silinda za chuma kisichoshika kutu, na diski iliyopimwa kwa dayo geji (kipimo cha mshale kinachoonyesha kuyumba kudogo) ikiwa kwenye gari, kuyumba kusizidi 0.005 ya inchi. Kiwandani diski zilifungwa kwa ribiti kwenye habu, zikachongwa zikiwa pamoja. Ukivunja ribiti na kubandika diski mpya bila kupima, umenunua ugonjwa kwa pesa yako. Kwenye bajeti yako breki ni za kwanza, na usilitoe gari kwenye uwanja wako kabla hazijakamilika. Mabomba yote ya mpira yabadilishwe hata kama yanaonekana mazima.

Wakati uko huko nyuma, jua kwamba ekseli fupi zinazozungusha magurudumu ya nyuma zina kazi ya pili: ndizo zinazolishika gurudumu kwa juu lisianguke kwa ndani au kwa nje. Msalaba wa ekseli ukichoka hupati kelele peke yake, gurudumu linabadilisha mkao. Beringi za nyuma nazo zimeshindiliwa, na nafasi yake ya kucheza hupangwa kwa vipande vyembamba vya chuma. Hiyo kazi inataka presi na kifaa chake maalumu. Mimi mwenyewe nilizipeleka nje kwa miaka mingi kabla sijanunua kifaa. Toa mizima mizima ile mikono ya chuma inayoyashika magurudumu ya nyuma kwenye chesisi, mpelekee anayeifanya kila wiki. Bolti inayoshika kila mkono kwenye chesisi itakuwa imegandana na bushi yake. Usihangaike na spana, ikate kwa msumeno mrefu. Lakini kabla hujakata, hesabu vile vibati vilivyopangwa kila upande wa bushi na uandike, kwa sababu ndivyo vinavyoweka gurudumu sawa.

Sasa injini, na hapa nina habari njema. Hebu iache kwanza. Umeniambia taa moja haifunguki na injini inatetemeka, ukidhani ni magonjwa mawili. Taa za Corvette hii haziinuliwi na mota ya umeme. Zinainuliwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, ukapita kwenye vipira vyembamba virefu hadi tangi dogo huko mbele, kisha kwenye kopo lenye kiwambo cha mpira nyuma ya kila taa. Vipira vina karibu miaka 50. Kimoja kikipasuka, taa inabaki imelala, na injini nayo inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, injini inatetemeka. Washa injini, kisha bana bomba kubwa linalokwenda mbele kwa koleo yenye kitambaa. Ikitulia, umeponya dola elfu kadhaa. Seti nzima ya vipira haina bei kubwa, na kuvifunga ni kazi ya Jumamosi moja na mgongo unaouma. Wakati huo huo, chini ya dashibodi karibu na mhimili wa usukani kuna swichi ya mkono ya kuziinua taa bila kuziwasha, itakusaidia kupima. Mvuto ukiwa sawa na bado inatetemeka, kabureta lifunguliwe lisafishwe, maana petroli ya 1998 imeshakuwa gundi humo ndani.

Taa zikiinuka lakini zikawaka hafifu, tafuta waya wa ethi. Kwenye gari la bati umeme unarudi kupitia bodi yenyewe. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa ina waya wake wa kurudi, na kila waya una mwisho wake wenye kutu. Nimeona watu wakibadilisha nyaya za gari zima wakati tatizo lilikuwa skrubu moja.

Na zile farasi 180? Hazijachoka, zilizaliwa hivyo. Miaka ya mwanzo ya kizazi hiki, kilichoanza 1968, injini zilipimwa zikiwa uchi mezani, bila ekzosi kamili wala mikanda ya kuendesha vifaa. Kuanzia 1972 zikaanza kutangazwa kama zinavyokaa ndani ya gari, na tarakimu zikaporomoka kwenye karatasi. Kabla ya hapo, mwaka 1971, mgandamizo ulishapunguzwa ili zikubali petroli yenye risasi kidogo, na 1975 ikaja ekzosi yenye kichujio cha moshi. Injini ya kawaida ya 1976 ilitoka na 180, ile ya kulipia zaidi 210. Kwa hiyo usishushe injini kwa sababu ya namba uliyoisoma. Toa plagi zote, pima mgandamizo wa silinda moja moja. Zikikaribiana, badilisha oili, kipoza na plagi, uendeshe. Ila oili uchague yenye zinki ya kutosha, kwa sababu kamshafti za zamani husuguana na vikombe vyake chuma kwa chuma, na oili nyingi za siku hizi zimepunguzwa zinki. Mabomba ya petroli nayo yabadilishwe. Ethanoli iliyomo kwenye petroli ya leo inayalainisha ya zamani mpaka yakavuja juu ya ekzosi, na faibaglasi ikishika moto haina subira.

Tairi usizisahau. Tazama ubavuni namba inayoanza na herufi DOT. Zilizoundwa kuanzia 2000 zina tarakimu nne mwishoni, wiki na mwaka. Ukikuta tatu, hizo ni za karne iliyopita. Zifanye bembea ya watoto, hata kama zina meno mapya.

Je, unyanyue bodi? Huyo fundi si mwongo, ila ametoa dawa kabla ya kupima. Kama chesisi imeoza au sehemu ya chini ya nguzo imekwisha, bodi itanyanyuliwa, hakuna njia ya mkato, na hapo sitaki ujifunze kuchomelea kwa gari lako mwenyewe. Tafuta karakana inayofanya Corvette, siyo ya magari yote, na uombe kuona picha za kazi waliyokwisha kufanya, chuma kikiwa wazi kabla ya rangi. Bodi ya gari lenye nguzo zilizooza ikinyanyuliwa bila kufungwa vyuma vya kushikilia milangoni, inapinda na kupasuka. Urejeshaji wa namna hiyo, ukijumlisha rangi na viti, kuvuka dola 50,000 si ajabu. Na mwaka 1976 zilitoka Corvette 46,558, kwa hiyo yako si adimu. Hutaziona tena hizo pesa ukiuza. Ukikuta ubovu wa kiwango hicho, ushauri wangu wa kweli ni umwuzie mtu anayetafuta injini na vipuri, kisha utafute nyingine ya jimbo kavu, Arizona au New Mexico. Inauma, najua. Lakini hata makumbusho ya Corvette kule Bowling Green, Kentucky, ardhi ilipofunguka tarehe 12 Februari 2014 na kumeza magari manane, yalirejeshwa matatu tu. Matano wameyaacha yalivyopondeka.

Kama chuma ni kizima, na gari lililolala ndani tangu 1998 lina bahati ya kukwepa misimu mingi ya chumvi, basi usinyanyue kitu. Dola 9,000 zitatosha breki, magurudumu ya nyuma, vipira, mabomba, tairi na mipira ya kioo, ukifanya mwenyewe kazi nyepesi. Endesha mwaka mzima na rangi yake mbovu. Siku ya rangi ikifika, fundi asikupigie mchanga wala asipake dawa ya kubandua rangi za bati, vyote viwili vinakula faibaglasi. Rangi ya zamani inakwanguliwa kwa wembe, pole pole, siku nyingi. Bampa zako mbele na nyuma ni za mpira laini, nazo zinataka rangi inayokubali kupinda. Na yeyote atakayepiga msasa avae barakoa ya kweli, si kitambaa. Vumbi lile ni kioo.

Mombasa: sheria ya Kenya inataka gari linaloingia lisizidi miaka minane na usukani uwe kulia. Corvette haikutoka kiwandani na usukani wa kulia mpaka kizazi cha nane, kilichoanza na modeli ya 2020. Kwa hiyo usimlipe wakala yeyote hata senti kabla hujapata jibu la maandishi la KEBS (shirika la viwango la Kenya) na KRA (mamlaka ya mapato) kuhusu gari lako hili hili.

Wiki hii fanya jambo moja: ng'oa kava la miguuni upande wa dereva, upige picha ya nguzo kuanzia chini, ukiwa umeshakwangua kwa bisibisi. Nitumie hiyo, pamoja na picha ya kona ya juu kushoto ya kioo. Ile bisibisi nayo iwemo kwenye picha, nione imezama kiasi gani.